Mzigo wa Macho: Kuilinda Akili Mbele ya Mitandao ya Kijamii

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia, Tabora)





Nimeombwa niseme nanyi juu ya namna ya kuilinda afya ya akili dhidi ya mambo yenye kudhuru yanayoletwa na mitandao ya kijamii. Huenda wengine wanajiuliza: je, hii nayo ni kazi ya Tume ya Haki na Amani? Tumezoea kuzungumza hapa juu ya mirathi ya wajane, migogoro ya wakulima na wafugaji, bei ya tumbaku, na aibu ya mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi. Simu ya mtu ni mali yake, na anachokitazama ni hiari yake.

Napenda kuwaonyesha kwamba jambo hili ni la haki kama hayo mengine. Katika kila picha ya kutisha inayofika mikononi mwetu yupo aliyeumizwa, yupo aliyefaidika, na yupo aliyetwikwa mzigo bila kuulizwa kama anauweza. Penye watu watatu wa namna hiyo, hapo pana suala la haki.

1. Mpagazi na kipimo chake

Sisi watu wa Tabora hatuhitaji kufundishwa maana ya mzigo. Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, walikuta tayari pana kituo kikubwa cha biashara. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa: moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Na watu waliosifika kuliko wote kwa kuibeba biashara hiyo mabegani walikuwa wazee wetu Wanyamwezi.

Mpagazi alikuwa na kipimo chake. Mzigo wa kawaida ulikuwa yapata kilo 30, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, ambaye alijua visima viko wapi na mahali pa kutua ni wapi. Mpagazi aliyezidishiwa mzigo hakukaa kimya: alibishana, aligoma pamoja na wenzake, au aliutua kando ya njia akaenda zake. Wageni wengi waliandika kwa hasira juu ya wapagazi waliowagomea. Sisi tukisoma habari hizo leo tunaona watu waliojua thamani ya migongo yao. Tusisahau pia kwamba njia hiyohiyo iliwapitisha watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kipimo wala hawakuwa na ruhusa ya kutua.

Siku hizi misafara hupita hewani, kutoka mnara hadi mnara, na mzigo hauwekwi tena begani bali machoni. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Kinachopita mbele yake huingia, na kikishaingia hakitoki kwa amri. Katika msafara huu mpya hakuna anayepima mzigo, wala hakuna kirangozi anayesema: hapa tutue, tupumzike.

Zamani kidogo walikuwapo watu wa kati. Hapo Kipalapala, jirani yetu, palikuwa na mtambo wa kuchapa vitabu na magazeti, Tanganyika Mission Press. Kabla habari haijamfikia msomaji ilipita mikononi mwa mwandishi, mhariri na mpanga herufi. Sisemi kwamba wahariri hawakosei, maana wapo waliokosea, na wapo walioficha mambo yaliyopaswa kusemwa. Lakini alikuwapo mtu mwenye jina, aliyeweza kuulizwa: kwa nini ulichapa hiki? Leo picha ya mtu anayekufa inamfikia mtoto wa darasa la nne akiwa peke yake chini ya blanketi, na hakuna wa kuulizwa.

2. Jinsi mzigo unavyoingia

Mwaka 2025, majuma machache baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, nililetewa mzee mmoja kutoka Ulyankulu. Alikuwa mmoja wa wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi katika mkoa wetu. Watoto wake walisema amerogwa. Halali tena kitandani. Hukaa mlangoni usiku kucha, akiwa amevaa viatu. Nilikaa naye muda mrefu ndipo akasema: "Baba, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu watu wanakimbia. Sikujua kama ni hawa wa leo au ni sisi wa mwaka ule."

Mjukuu hakuwa na nia mbaya. Alidhani anampasha babu yake habari za dunia. Lakini mwili wa binadamu hauna kalenda wala ramani. Ukiona hatari, hujiandaa kukimbia, hata kama hatari yenyewe iko mbali kilomita mamia au ilipita miaka hamsini iliyopita.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Aprili 2013 mabomu yalilipuka katika mashindano ya mbio ndefu mjini Boston, Marekani. Watafiti waliwahoji maelfu ya watu. Waliona kwamba wale waliotumia saa sita au zaidi kila siku kutazama na kusikiliza habari za tukio hilo, katika juma lililofuata, walieleza dalili kali zaidi za msongo kuliko hata watu waliokuwapo mahali pa tukio. Aliyekuwapo aliona mara moja. Aliyekaa mbele ya kioo aliona mara mia.

Na kioo cha simu kina hila moja ambayo redio ya babu zetu haikuwa nayo: chenyewe hukuchagulia. Makampuni ya mitandao hupata fedha kutokana na matangazo ya biashara, na matangazo yanahitaji macho yaliyotulia hapo kwa muda mrefu. Kwa hiyo mitambo yao hupima kila unapokawia. Ukikawia kwenye picha ya ajali, utaletewa ajali nyingine. Ukikawia kwenye matusi, utaletewa matusi. Mtambo haujui kama umekawia kwa kupenda au kwa hofu. Unajua tu kwamba umekawia.

Makampuni yenyewe yanalijua hilo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Mojawapo ilieleza kwamba asilimia 32 ya wasichana wa umri wa kubalehe walisema kuwa, walipojisikia vibaya juu ya miili yao, Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi. Na huko London, Septemba 2022, ofisa wa serikali anayechunguza vyanzo vya vifo alitoa uamuzi juu ya binti wa miaka 14 aliyefariki mwaka 2017. Alitamka kwamba binti huyo alijidhuru akiwa na ugonjwa wa sonona, na akiwa ameathiriwa na mambo aliyoletewa na mitandao.

Mzazi anayemwambia binti yake "wewe ni dhaifu tu, kwa nini usiache?" na akumbuke kwamba anamshindanisha mtoto mmoja na mitambo iliyotengenezwa na wahandisi hodari, kwa kusudi la kumzuia asiache.

3. Waliobeba kwa niaba yetu

Wapo watu wanaodhani kwamba picha mbaya zinazoondolewa mitandaoni huondolewa na mashine. Nyingi ziliondolewa na ndugu zetu. Kuanzia mwaka 2019 Meta, kampuni yenye Facebook, iliitumia kampuni iitwayo Sama, jijini Nairobi, kukagua yaliyowekwa mtandaoni kutoka sehemu kubwa ya Afrika. Waliajiriwa vijana kutoka nchi mbalimbali, kwa kuwa kazi ilihitaji watu wanaojua Kiswahili, Kiamhari, Kisomali, Kizulu na lugha nyinginezo. Kazi yao ilikuwa kutazama: watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa, watu wakijiua. Ilipasa waamue haraka, kwa muda usiofikia dakika moja kwa kila picha, kisha ifuate nyingine. Mwaka 2022 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walipata takriban dola moja na nusu kwa saa.

Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai hali bora, akafukuzwa kazi. Mei 2022 alifungua mashtaka jijini Nairobi. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi nyingine baada ya kuachishwa kazi, na Mei mosi mwaka huohuo wakaguzi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Meta ilijaribu kujitoa kwa hoja kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliikatalia. Meta ilisema kwamba huwataka wakandarasi wake watoe huduma ya ushauri na malipo mazuri.

Desemba 2024 zilijulikana ripoti za kitabibu zilizopelekwa mahakamani. Daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima wale waliokubali kupimwa. Zaidi ya 140 walikutwa na ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe, na wengi wao katika kiwango kikali. Walieleza juu ya ndoto za kutisha, woga wa kuwa kati ya watu, na ndoa zilizovunjika.

Ndugu zangu, nawaomba mlishike jambo hili. Hawa walikuwa watu wazima, wenye elimu, na walilipwa. Hata hivyo akili zao zilivunjika. Basi tunapowatumia mama zetu na watoto wetu picha za namna hiyohiyo katika kundi la WhatsApp, bila mshahara, bila onyo na bila daktari, tunategemea wabaki wazima kwa nguvu gani?

Wapagazi hao wa Nairobi walifanya kama wapagazi wa zamani: walisimama pamoja wakasema mzigo huu umezidi. Hapo ndipo haki ilipoanza kupata sauti.

4. Ushahidi na tamasha

Sasa nifike karibu na nyumbani, mahali penye kuuma. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, nchi yetu iliona vurugu na vifo. Intaneti ilizimwa. Iliporudi mwanzoni mwa Novemba, simu zetu zilijaa picha za miili ya watu. Wenye mamlaka walituonya kwa ujumbe tusisambaze picha za kuleta taharuki. Nalo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa tamko la kulaani mauaji.

Katika maungamo na katika mazungumzo ya kawaida nilikutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wakitazama picha hizo usiku kucha na kuzituma kila mahali, wakisema: "Dunia lazima ijue." Wa pili walizifuta zote, wakasema: "Yameisha, tusonge mbele." Nawaheshimu wote wawili, lakini wote wawili wana jambo la kujifunza.

Kwa wa pili nasema hivi: afya ya akili haijengwi juu ya kusahaulishwa. Mtu aliyepoteza mwanawe hawezi kupona kwa kuambiwa kwamba hakuna kilichotokea. Kunyamazishwa nako ni mzigo, tena mzito.

Kwa wa kwanza nasema: ipo tofauti kati ya ushahidi na tamasha. Ushahidi huhifadhiwa kama ulivyo, bila kukatwa wala kuongezwa muziki. Huandikwa tarehe na mahali. Hupelekwa kwa mwanasheria, kwa watetezi wa haki za binadamu, au kwa mwandishi anayejua kazi yake. Tamasha hutupwa kwenye kundi la kwaya saa tano usiku. Ushahidi humtafuta mtu anayeweza kutenda. Tamasha humpata yeyote. Na marehemu yule ana mama. Yapo mama waliojua kifo cha watoto wao kwa kuona picha kabla ya kuambiwa na ndugu. Huko ni kuua mara ya pili.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesambaza huona wepesi, kidole kimoja tu. Uzito unakwenda kwa anayepokea.

5. Tufanye nini?

Kwanza, kila mtu ajue kipimo chake. Tuchague nyakati za kusoma habari, kwa mfano mara moja asubuhi na mara moja jioni, na tusilale na simu kitandani. Katika WhatsApp ipo sehemu ya kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Vijana mliopo hapa wafundisheni wazazi wenu kabla hatujaagana leo. Ukiletewa jambo baya na mtambo, usikawie wala usibishane nalo. Kuna mahali pa kubonyeza kuonyesha kwamba hutaki kuona mambo ya namna hiyo, na mahali pa kulishtaki kwa wenye mtandao.

Pili, kila jumuiya na kila familia iwe na kirangozi. Msimamizi wa kundi asiwe jina tu. Tukubaliane kwa maandishi kwamba katika kundi letu haziwekwi picha za maiti, za majeruhi, za watu walio uchi, wala tuhuma za uchawi dhidi ya mtu yeyote. Katika mkoa huu tunajua jinsi neno moja juu ya kikongwe mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, lilivyowahi kumwaga damu. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi yenye hasira kwa sababu ya uvumi wa watekaji watoto uliosambazwa kwa simu. Baada ya hayo WhatsApp yenyewe ilipunguza idadi ya mazungumzo, ya mtu mmoja mmoja au ya makundi, ambayo mtu aliweza kuyapelekea ujumbe mmoja kwa mpigo hadi matano. Kama mwenye chombo aliona haja ya kuweka mpaka, sisi je?

Tatu, tuwasikilize watoto kabla ya kuwanyang'anya simu. Mtoto anayejua kwamba akisema atapigwa hatasema. Mwulize: "Umeona nini? Kilikuumiza wapi?" Akinyanyaswa na wenzake mtandaoni, au akitishiwa kwa picha zake, ajue kwamba kosa si lake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Msifute ujumbe wa vitisho. Uhifadhini, mwende nao polisi au mje kwetu tuwasindikize.

Nne, tuzijue dalili. Kukosa usingizi, kushtuka ovyo, hasira zisizo na sababu, kujitenga, kukata tamaa ya kuishi. Na ipo dalili moja inayofichika: moyo kufa ganzi, mtu akaona maiti kwenye simu akaendelea kula ugali kana kwamba ameona tangazo la sabuni. Dalili hizi si uchawi, wala si upungufu wa imani. Sala ina nafasi yake, na daktari ana nafasi yake, wala hawagombani. Nendeni katika hospitali yetu ya Kitete mwulize huduma ya afya ya akili; matatizo makubwa hupelekwa Milembe, Dodoma. Mtu akisema anataka kujidhuru, msimwache peke yake hata kwa saa moja.

Tano, tudai haki kwa pamoja. Makampuni yanayovuna fedha kutokana na macho ya watoto wa Kiafrika yanapaswa kuweka wakaguzi wa kutosha wanaojua lugha zetu, kuwalipa kwa haki na kuwatibu. Na serikali itunge na itumie sheria zinazomlinda mnyonge, bila kuzigeuza kuwa fimbo ya kumpiga anayesema kweli.

6. Hitimisho

Mnaweza kuuliza habari za yule mzee wa Ulyankulu. Analala kitandani sasa. Haikuwa kazi ya siku moja. Alipelekwa kliniki akapewa dawa za kumsaidia usingizi. Na mjukuu wake alifanya jambo moja ambalo mimi sikumfundisha: alikuja kila jioni, simu akaiacha kwa mama yake, akamwomba babu amsimulie safari ya mwaka 1972 tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee alikuwa hajaisimulia kwa mtu. Ilichukua majioni mengi. Kijana yule alimtwika babu yake mzigo bila kujua, kisha akamsaidia kuutua akijua anachofanya.

Hiyo ndiyo kazi ninayowaomba mkaifanye katika jumuiya zenu: kupunguza kutwikana, na kuzidisha kutuana mizigo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni picha au habari gani ya mtandaoni iliyokaa moyoni mwako muda mrefu? Ulimweleza nani?

2. Je, umewahi kumtumia mtu jambo lililomuumiza? Ulifanya nini baadaye?

3. Kundi letu la simu lina makubaliano gani? Nani ni kirangozi wake?

4. Ikiwa una ushahidi wa uovu uliotendwa, katika eneo letu utampelekea nani kwa usalama?

5. Ni nani katika jumuiya yetu anayehitaji kusikilizwa juma hili, na nani atakwenda kwake?